Marahaba ya Swaumu

Mimi na Swaumu tuliolewa na mume mmoja, marehemu Masanja. Yeye mke mkubwa, mimi mdogo. Tangu naingia nyumba ile hapa Tabora, wa kusema shikamoo ni mimi, naye huitikia kama anatema kapi la muwa. Hata mume alipokufa hakulegeza.

Binti yake alijifungua huko kaskazini mwa Ziwa Tanganyika, tukaenda kumwona mtoto. Tukarudi kwa meli hadi Kigoma, na dumu letu la mawese. Jua lilikuwa linazama. Milima inatumbukia majini, ziwa jekundu, moshi wa wavuvi umelala ufukweni. Kupendeza kulipendeza, sitasema uongo. Swaumu alikaa ukingoni mwa meli, miguu inaning'inia nje.

"Vuta miguu hiyo, mamba atadhani kuni."

"Kuni ni hiyo yako, Kashindye."

Ndipo ikaja sauti. Chini, upande wa maji.

"Shikamoo..."

"Marahaba," akaitikia Swaumu, bila hata kugeuka.

Nikachungulia. Maji tu.

"Umemwitikia nani?"

"Mtoto wa watu. Ana adabu kukushinda wewe."

Lakini alipovuta miguu ndani, vifundo vyote viwili vilikuwa na alama za vidole. Mbichi. Zinanuka chuma chenye kutu.

Kesho yake jirani yetu Leodgar alitufuata Kigoma na gari lake. Njia nzima Swaumu alilalamika miguu mizito, kama amefungwa. Barabara ile inafuatana na njia ya zamani ya misafara, walikopita watu na pembe za ndovu mabegani na minyororo shingoni. Aliyechoka aliachiwa fisi.

Tulikuwa tumeshavuka mto Malagarasi, jua linashuka tena, gari likaanza kurudi nyuma. Leodgar anakanyaga mafuta, injini inalia, gari linarudi nyuma. Halafu injini ikazima.

"Msishuke," akanong'ona.

Kling... kling...

Chini ya gari.

Mlango wa Swaumu haukufunguka. Uling'oka. Mikono ikaingia, imejaa matope, kila mmoja na pingu yake, ikamkamata miguu. Mimi nikamdaka kwapani, Leodgar akamshika kiuno. Tukavuta. Nao wakavuta. Nikasikia goti lake likiachia, ko! kama paja la kuku.

Nikachomoa panga la Leodgar chini ya kiti, nikakata. Nikakata tena. Mikono ikadondoka, vidole vikabaki vimeng'ang'ania. Havikutoa damu. Damu ilikuwa ya Swaumu, maana panga lilimfikia na yeye.

"Usiniachie, mdogo wangu..."

Hakuwahi kuniita hivyo.

Nikatupa panga, nikamshika kwa mikono miwili. Lakini dumu lilikuwa limepasuka. Damu na mawese, mwili mzima unateleza. Akaniponyoka. Alikwenda kifudifudi, kucha zinachimba udongo, mpaka ndani ya pori. Alipiga kelele.

Kisha kelele ikakatwa.

Minyororo ikaendelea na safari, taratibu, kuelekea Tabora.

Waliotafuta walipata mguu mmoja, wakasema simba. Simba gani anaacha alama za vidole? Mzee mmoja wa Urambo ndiye aliyeniambia: "Shikamoo maana yake nimeshika miguu yako, mama. Wale wanaomba ruhusa. Akaitikia, akawapa." Kama ni kweli, sijui. Mguu tuliuzika. Kulia sikulia sana, alikuwa mke mwenzangu, si mama yangu.

Majuzi, saa ya magharibi, nilikuwa uani napepeta mchele. Ikapita harufu ya kutu. Minyororo ikaja, ikasimama nyuma ya ua. Halafu, chini kabisa, usawa wa udongo, sauti ninayoijua kama maumivu ya mgongo wangu:

"Shikamoo, Kashindye."

Tangu naolewa nimeisubiri salamu hiyo. Nilijiziba mdomo kwa ungo, mchele wote ukamwagika.

Siku hizi kila magharibi anakuja. Najifunga kanga mdomoni, kwa sababu ulimi huu haujazoea kunyamaza. Wajukuu wanacheka, wanasema bibi amechanganyikiwa. Nao nimewakataza kunisalimia.

Jana ameongeza neno.

"Shikamoo... bi mkubwa."

Nikapeleka mkono mdomoni. Kanga ilikuwa imelegea.