Sauti ya Tatu Kikanisani

Waliofika kwenye kikanisa kile cha mawe walikuwa wawili tu, mshonaji na mdogo wake wa kiume, lakini mshonaji alipoulizwa wako wangapi akasema watatu.

Hakukusudia. Au tuseme alikusudia kidogo. Miaka mitatu mama yao alikuwa akiomba apelekwe huko shamba akaone tena mahali alipobatizwa, na miaka mitatu mshonaji alikuwa akimjibu, "Mwezi ujao, mama, nimalize hizi nguo za watu." Nguo za watu haziishi. Sasa mama alikuwa kaburini, naye binti alikuwa amesimama mlangoni na sweta ya marehemu mkononi, roho ikimsuta, na neno likamponyoka.

Mtunza funguo, mama mmoja mnene mwenye haraka zake, alichora mistari mitatu ya chaki kwenye kibao bila hata kuinua macho. Kuta za kikanisa zilikuwa nene na mlango ulifungwa kwa nje, kwa hiyo, asije mtu akafungiwa ndani, kila aliyeingia alichorewa mstari, na wakati wa kutoka kila mtu alijihesabu kwa sauti yake ndipo mstari wake ufutwe.

"Mtu hamhesabii mwenzake humu," alisema. "Mimi nilivyokuta ni hivyo."

"Dada, watatu wa wapi?" mdogo wake alinong'ona walipoingia. Alikuwa fundi friji, mtu wa mizaha. "Au umenihesabu mara mbili kwa sababu ya hili tumbo?"

"Nyamaza. Tuko kanisani."

Ndani mlikuwa na harufu ya popo na ya mawe yenye unyevu. Mshonaji aliilaza sweta kwenye benchi la mbele, akalia, akaomba msamaha bila kusema wa nini, kisha akaichukua tena wakatoka. Mtunza funguo alikuwa akihangaika na kufuli, amewapa mgongo.

"Haya, hesabuni."

"Moja," alisema mdogo wake.

"Mbili," alisema mshonaji.

"Tatu," ilisema sauti nyuma yao, kule ndani, kwenye mabenchi matupu.

Mtunza funguo akafuta mstari wa mwisho kwa kiganja, akavuta mlango, akafunga. Garini king'ora cha mkanda wa kiti cha nyuma kililia safari nzima, ti, ti, ti, na kiti cha nyuma hakikuwa na kitu. Fundi friji hakutoa hata mzaha mmoja.

Kesho yake alasiri mshonaji alikuwa kwenye cherehani aliposikia kijiko kikigonga kikombe chumbani kwa mama. Ndivyo mama alivyokuwa akiita siku za ugonjwa, sauti ilipomkauka: anagonga, analetewa maji. Mshonaji alifungua mlango. Kitanda kilikuwa kimetandikwa, kikombe kiko mezani, na chumba kizima kilinuka dawa ya kuchua ya mama, na chini ya harufu hiyo kulikuwa na nyingine, ya popo. Akajaza kikombe maji ya jagi. Aliporudisha jagi mahali pake na kugeuka, kikombe kilikuwa kitupu.

Ni aibu kusema, lakini alifurahi. Kuna jambo mdogo wake hakulijua. Siku mama alipofariki kijiko kiligonga, na mshonaji alikuwa amebakiza pindo la gauni la bibi harusi, akasema moyoni, namaliza hili naenda. Pindo moja tu. Alipokwenda alikuta mama ameshapoa. Kwa hiyo sasa kila kilipogonga alikimbia, akajaza, akajaza tena.

Siku ya tatu mdogo wake hakuamka kwenda kazini. Midomo ilikuwa imempasuka. Alikunywa jagi zima akaomba lingine.

"Dada, maji yanapita tu," alisema kwa sauti ndogo. "Kama kuna mtu anayanywa kabla yangu."

Mshonaji alirudi kikanisani siku hiyohiyo, peke yake. Mtunza funguo alimsikiliza mpaka mwisho, akakaa chini kwenye ngazi.

"Ile sauti niliisikia, mwanangu. Niliogopa kugeuka, nikafuta. Ni jini la humo. Halina sura wala sauti mpaka lipewe nafasi ya mtu, na wewe umelipatia ya mama yako. Unalipelekea maji, lenyewe linamnywa mdogo wako."

"Nifanyeje?"

"Linaishi kwa kuitikiwa. Likigonga, usiende. Liseme litakalosema, usiende, mpaka linyamaze lenyewe."

"Hilo siliwezi, mama."

"Basi utamzika na mdogo wako."

Jioni, jua likiwa bado dirishani, alimlaza mdogo wake kwenye godoro kando ya cherehani, akakaa, akaweka kitambaa kisicho cha mtu yeyote chini ya sindano. Kijiko kikagonga. Akakanyaga pedali. Kikagonga tena, kwa haraka, na harufu ya dawa ya kuchua ikapita chini ya mlango, na popo, na mawe, na mdogo wake akaanza kukoroma kama mtu anayezama, na yeye akashona mbele na nyuma bila kuona anashona nini, machozi yakimwagikia kitambaa, mpaka sauti ya mama yenyewe, ile kavu ya siku za mwisho, ikasema taratibu, "Mwanangu, maji, najua unanisikia," na miguu yake ikataka kuinuka, akaishika meza kwa mikono miwili, akabaki amekaa.

Kikagonga mara moja. Kikanyamaza.

Harufu ikaondoka. Mdogo wake akafumbua macho, akapewa glasi ya maji, akanywa polepole.

"Yanakaa," alisema. Alimalizia glasi, akautazama mlango wa chumba cha mama, kisha cherehani, kisha dada yake. "Nilikuwa nasikia kila kitu, hapahapa nilipolala. Dada, siku ile ulituambia mama alikwenda kimya."

Mshonaji akautoa mguu kwenye pedali.

"Aligonga," alisema. "Nikamaliza pindo."