Aliyezijibu Kompyuta

Aliyepatwa na mambo haya ni dada yangu Herieth, wa tumbo moja. Alinisimulia mara moja tu, akiwa ameugeuzia uso wake ukutani.

Mwaka 2005 alikuwa fundi wa kompyuta katika chuo kidogo cha Mzee Mahendra pale Njoro, Moshi. Kazi yake Ijumaa ile ya mwezi Mei ilikuwa ya kawaida kabisa: kuweka programu mpya kwenye kompyuta ishirini kwa ajili ya mtihani wa Jumatatu. Hakuhitaji kuzunguka na diski. Kompyuta ikiwashwa, iliuliza mtandaoni, "Mimi ni nani, na niende wapi?" Seva, kompyuta kuu iliyokuwa chumba cha nyuma, iliijibu: iliipa anwani, ikaielekeza kwenye faili la kuanzia, kisha ikaimiminia kila kitu kupitia waya.

Siku hiyo kompyuta zote zilipata anwani, halafu zikasimama. Kwenye kila kioo maandishi meupe yalisema hakuna faili la kuanzia.

Alihangaika tangu asubuhi hadi saa nane. Akaizima seva na kuiwasha upya, akabadilisha nyaya, akasoma kumbukumbu zote za mitambo. Ndipo akakumbuka. Jana yake alikuja na ruta yake ndogo kutoka nyumbani ili apate intaneti mezani kwake, akaichomeka bila ruhusa. Ruta hiyo nayo ilikuwa ikigawa anwani, na ilikuwa ikiiwahi seva kujibu. Ila haikujua faili la kuanzia liko wapi.

Aliichomoa, akaitia kwenye mkoba. Mlango ukafunguliwa. Akaingia Mzee Mahendra, na nyuma yake Gabriel, mwalimu wa chuo.

"Herieth, nani amegusa mitambo yangu?"

Angeweza kusema. Aliniambia maneno yalimfika kwenye meno. Lakini Gabriel alikuwa akimwita mtaalamu mbele ya wanafunzi, na aliona haya.

"Nilimwona Mama Dominika akipiga deki nyuma ya seva," akasema.

Mama Dominika, Elinipendo kwa jina lake, alikuwa mjane wa Kilema aliyefanya usafi pale chuoni. Siku za baridi alimletea Herieth mtori, supu nzito ya ndizi, kwenye chupa ya chai, akasimama hapo mpaka aumalize.

Gabriel alishusha sauti. "Mzee, huyo mama kwao wanamsema vibaya. Wanasema si mtu wa kawaida."

Herieth akaufunga mkoba wake, asimkanushe.

Mahendra alisema hayo mambo ya uchawi yeye hayataki, lakini mtu anayegusa nyaya hawezi kubaki. Kabla ya saa kumi mama yule alikuwa ameshafunga kanga zake kwenye mfuko. Alipita mlangoni kwa Herieth, akasimama.

"Wewe unajua, mwanangu," alisema polepole. Akaenda zake.

Jioni hiyo kompyuta zote zilikubali programu. Mahendra akampongeza mbele ya watu, nao wakapiga makofi.

Ikafika Julai. Jumamosi moja mchana, wingu limeshuka kutoka Old Moshi hadi kwenye madirisha ya chuo, Herieth alikuwa peke yake. Kulikuwa na programu nyingine za kuweka. Akawasha kompyuta ya kwanza.

Ikapata anwani. Ikasimama.

Akaenda kutazama seva. Haikuwa na kumbukumbu ya kutoa anwani hiyo. Kuna mwingine aliyejibu. Ruta yake ilikuwa nyumbani, kabatini. Akaenda kwenye swichi, pale nyaya zote zinapokutana, akachomoa mmoja baada ya mwingine, akiijaribu kompyuta ileile. Ikajibiwa. Akachomoa mwingine. Ikajibiwa. Akazima seva yenyewe. Chumba kikawa kimya.

Ikajibiwa.

Ukabaki waya mmoja, ule uliochomekwa kwenye kompyuta. Akauchomoa kwa mkono wa kulia. Ulikuwa wa baridi, kama umetolewa mtoni. Akabaki ameushika, ncha yake ikining'inia hewani, akaiwasha kompyuta tena.

Ikauliza.

Ikajibiwa.

Kioo kikafutika. Likabaki neno moja: UNAJUA.

Nyuma yake kitu kikavuma. Kompyuta kumi na tisa ambazo hakuzigusa zilikuwa zikiwaka. Moja. Nyingine. Nyingine. Zote na neno lile.

"Najua," Herieth alinong'ona. "Ni mimi. Najua."

Zikazimika zote kwa pamoja.

Jumatatu alimweleza Mahendra kila kitu, Gabriel akisikia.

"Nimemfukuza mtu mzima kwa neno lako," mzee akasema. "Nenda Kilema ukamwombe arudi. Mwambie na mimi naomba."

Kule kihambani, kwenye shamba la nyumbani kwao, alimkuta Dominika, binti wa mama yule, akikata majani ya ng'ombe. Herieth akasema amemfuata mama. Dominika akaonyesha kwa panga, katikati ya migomba. Udongo ulikuwa umeanza kuota nyasi.

"Wiki ya tano sasa," alisema. "Maneno ya mjini yalifika huku kabla yake. Eti hata mashine amezichezea. Akaacha kwenda kanisani, akaacha kula. Majirani hawakuja hata kuchimba kaburi. Tulichimba mimi na mjomba Primus."

Herieth akapiga magoti pale pale kwenye udongo, akasema yote kwa sauti, hata la ruta, hata la mkoba. Dominika alisikiliza hadi mwisho. Hakulia, hakumtukana. Akamshika mkono wa kulia amwinue, mara akauachia.

"Mkono wako," alisema. "Mbona una baridi hivi?"

Imepita miaka. Madaktari wamepima damu, wakasema mishipa ni mizima. Kanisani, watu wanapotakiana amani, dada yangu hutoa mkono wa kushoto. Wazee wanamwona amekosa adabu, naye anawaacha waone hivyo.

Mimi nimeushika ule wa kulia mara moja tu, akiwa amelala. Nilidhani nitakuta kiganja chote kina baridi. Sivyo. Kiganja kina joto kama changu. Baridi imekaa sehemu tano: nne mgongoni mwa mkono, moja kiganjani. Niliweka vidole vyangu juu ya sehemu hizo, kama anayemshika mtu mkono. Vilienea.