Nati Iliyolika Pembe

Saa nne na dakika kumi asubuhi, kwenye uwanja wa ndege wa zamani usiotumika tena, gari la Kimarekani lilipita mstari wa kusimamia likiwa na kasi ileile na kuingia ukutani. Dereva, binti wa fundi aliyelitengeneza, alitolewa miguu yote miwili imevunjika. Ilipofika saa sita baba yake alikuwa ndani ya pingu. Kosa: uzembe.

Inspekta alifika saa saba, akamkuta mzee ameketishwa juu ya tairi kama mwizi wa kuku. Aliwageukia askari.

"Mwanawe anapasuliwa, nyinyi mmemfunga pingu?"

"Waache tu, mama," fundi alisema. "Labda kweli nilisahau kukaza. Siku hizi nasahau."

Inspekta alijilaza chali chini ya gari na tochi yake. Bomba la breki lilikuwa limelegea kwenye nati, na pembe za nati zilikuwa zimelika, chuma kikimeta. Gari la umri ule, bomba moja likivuja, breki zote zimekwenda na maji.

Siku hiyo walikuwa wakishindanisha magari mawili ya zamani yenye nguvu za ajabu, hili na jingine la Australia. Mwandishi wa gazeti la magari ndiye aliyeandaa pambano. Lakini nati ilipoonekana imechezewa, vidole vyote vilimwelekea mwenye gari la Australia.

"Kati ya saa mbili na saa nne ulikuwa wapi?" Inspekta alimuuliza.

"Hapa hapa. Na sikufichi, nilitaka kushinda. Lakini nikishinda gari lililoharibiwa, nimeshinda nini?"

"Fungua sanduku la spana."

Zilikuwa za inchi tupu, sawa na za fundi. Magari yale, moja usukani kushoto na jingine kulia, yote yalitoka kiwandani na nati za inchi. Inspekta alichukua spana ya thumni tatu za inchi, akaijaribu kwenye nati ya upande wa pili. Ilikaa barabara. Akamgeukia mwandishi, aliyekuja na kigari kipya cha juzi juzi.

"Na wewe, lete zako."

"Mimi mtu wa kalamu, afande."

"Lete!"

Spana yake namba kumi ya milimita iliingia kwenye nati ikicheza, ikateleza pembeni. Mdomo wa spana hiyo ulikuwa bado na mafuta ya breki.

"Mwenye spana ya inchi asingehangaika na hii," Inspekta alisema. "Sema kwa nini."

"Jana kwenye majaribio hili la Kimarekani lilisimama upesi kuliko la Australia," mwandishi alinong'ona. "Miaka kumi naandika kwamba halina breki. Wangenicheka. Nilitaka livuje kidogo tu."

"Umevunja miguu ya mtoto wa watu ili ushinde ubishi?" Inspekta alimvua mzee pingu na kumfunga mwandishi, akazibana zaidi ya inavyotakiwa.

Fundi hakusimama.

"Kwa hiyo nilikaza?"

"Ulikaza, baba."

"Nilimwomba radhi akipakiwa kwenye gari la wagonjwa." Mzee aliufunika uso kwa mikono. "Nilimwambia ni mimi. Ameingia kupasuliwa akijua ni mimi."

Inspekta alimshika mkono, akamkimbiza garini, na king'ora kikaanza kulia kabla mlango haujafungwa.