Karatasi Isiyo na Sahihi

Hakuna aliyekiri kuichora. Asubuhi ilikutwa juu ya meza, katika ofisi ndogo iliyokuwa ikipanga kijiji kipya cha Ujamaa pale Issuna, na wino wake ulinuka nywele zilizoungua.

Wachoraji walikuwa wawili, Gasto na Luciana. Aliyetaka kuhamisha nyumba au kisima alichora badiliko lake kwenye karatasi nyepesi, akatia sahihi, mwenzake akakagua, ndipo likaingizwa kwenye ramani kuu. Ramani ya awali iliviringishwa na kutunzwa, ili wakikosea wairudie. Lakini siku hiyo wakubwa wa wilaya walikuwa njiani, na Gasto, kwa haraka zake za kijinga, aliziingiza karatasi zote bila kukagua hata moja.

Ile isiyo na sahihi haikuwa na nyumba ya Gasto.

Mchana akakuta kiwanja kitupu. Redempta, mkewe, alikuwa ndani akipika. Mtoto wao mchanga, Stumai, aliyezaliwa mwaka huu, alipona kwa sababu jirani alikuwa amembeba kwenda naye kisimani.

Wakamwita mganga Alute. Alinusa ile karatasi, akarudi nyuma.

"Shikamoo, babu," Luciana alinong'ona. "Ni nini?"

"Marahaba. Ni jini, mwenye ardhi hii. Limechora badiliko la kwake, nanyi mkalikubali. Rudisheni ramani ya nyuma."

Walizikunjua zote zilizotunzwa. Zilikuwa nyeupe, isipokuwa moja ya mwaka jana.

"Gasto, ngoja," Luciana alisema. "Kwa nini limetuachia hii?"

"Nyumba yangu imo?"

"Imo, lakini..."

"Basi itandaze!"

Luciana akaitandaza, na papo hapo kalamu ikasikika ikikwaruza ingawa hakuna aliyeishika, harufu ya nywele ikawajaa kooni, na Gasto akatoka mbio na mwanawe kifuani, amefungwa kwa kanga, akipita nyumba za majirani zilizokuwa zikififia moja baada ya nyingine, mpaka akaliona paa lake, moshi wake, na Redempta mlangoni akipepeta mtama.

Gasto alilia kwa furaha. "Mshike Stumai, ana njaa!"

Redempta aliitazama kanga iliyoning'inia kifuani mwa mumewe, ikiwa bado na joto, haina kitu.

"Stumai ndiye nani?"