Kasiksi Haisafiri

Mwanamume aliyemtangulia Marthe kwenye foleni ya vifurushi, pale Jules Street, alikuwa akiivisha chupa ya bia nepi ya mtoto mchanga. Naapa! Jumamosi saa tano asubuhi, duka limejaa, mashine ya kaunta imegoma, na bwana mzima amepiga goti moja sakafuni, anabana gundi za nepi kulia na kushoto, halafu anaipigapiga chupa mgongoni kana kwamba inataka kucheua.

Marthe alikuwa amebeba gauni la bibi harusi la kutuma Polokwane. Ni fundi cherehani, mzaliwa wa Bukavu, na siku hiyo alivaa blauzi ya kitenge cha manjano aliyoishona mwenyewe, imemkaa mpaka watu wanapisha. Alimtazama yule bwana: shati la bluu lililonyooshwa kwa pasi, viatu vyeupe ambavyo vumbi lote la Malvern halikuthubutu kuvigusa. Kwa viatu tu alijua huyu ni mtu wa Lubumbashi.

"Papa," alishindwa kujizuia, "mtoto ana miezi mingapi?"

Bwana akageuka. Akaona blauzi, akaona mwenye blauzi. "Huyu? Ana miaka miwili. Alizaliwa kwenye pipa."

"Na mama yake yuko wapi?"

"Ndiye ninayemtafuta hapa kwenye foleni."

Foleni nzima ikaangua kicheko, hata mama wa Kizulu aliyekuwa nyuma, ambaye hakuelewa neno.

Jina lake Placide, mtunza stoo wa duka linalouza bia za viwanda vidogo, zile za pipa mojamoja ambazo zikiisha zimeisha. Alimweleza Marthe kwamba ana wenzake Cape Town, Durban, hata Windhoek. Kila mmoja huwinda chupa ambazo wengine hawazipati, kisha wanabadilishana kwa kutumiana vifurushi. Nepi hukinga chupa isigongwe, na ikivuja hunyonya.

"Na hiyo chupa bei gani?"

"Randi sitini."

"Na kuituma?"

"Mia na thelathini."

"Eish! Nauli imempita abiria!"

"Chérie, kitu adimu hakina bei."

"Sijawa chérie wako bado. Bon, ladha yake ikoje?"

Placide akatabasamu. "Siku moja nitajua."

Hapo ndipo Marthe alipotakiwa kutega sikio. Lakini tabasamu lile lilikuwa na mwanya katikati, na Marthe kwa mwanya hana ujanja. Akampa namba ya simu.

Tangu siku hiyo simu ililia kila mchana saa saba, wakati Placide yuko kwenye mapumziko.

"Umekula nini, mpenzi?"

"Maandazi mawili ya magwinya na chai."

"Chakula gani hicho? Nakuja na kuku."

"Njoo na mikono pia, cherehani inakwama."

Naye anakuja kweli, na kuku, na bisibisi. Anaitengeneza cherehani huku akiimba vibaya, na Chiku, msusi wa Kipemba ambaye Marthe alipanga naye chumba cha biashara, anaguna kwenye kona yake: "Lo! Mwanamme huyu ungeolewa naye jana." Marthe anajifanya anatafuta uzi chini ya meza, kumbe anaficha uso. Alimpenda. Tusizungukezunguke, alimpenda mpaka akawa anashona mikono ya blauzi kinyume.

Siku ya kwanza kwenda kwa Placide kule Rosettenville alionyeshwa kabati. Chupa themanini na moja, zimesimama kwa mistari, hakuna hata moja iliyofunguliwa.

"Utazinywa lini?"

"Siku inayostahili."

"Na hii siku niliyokuja mimi?"

Placide akacheka, akamkumbatia, akafungua soda. Marthe naye akacheka. Ndivyo tulivyo tukipenda, tunacheka mahali pa kuuliza.

Mwezi wa saba, kwenye benchi la Rhodes Park, baridi inauma na pua zao zinachuruzika, Placide akasema, "Nataka kuja kwenu."

"Kwetu Bukavu?"

"Kwenu kokote watakaponisikiliza."

Bukavu haikuwezekana. Tangu vita viingie mjini, ndege hazitui, na mama yake Marthe, Mama Orpha, hatoki. Wakakubaliana kwamba Papa Ezéchiel, mjomba wake Marthe anayelinda maghala kule Durban, ndiye apokee posa. Lakini kwao hakuna posa bila kasiksi, bia ya ndizi, tena kasiksi iliyotengenezwa na mama wa binti. Binti anaipokea kwenye kikombe, anakunywa funda la kwanza mbele ya wazee, halafu anampa mwanamume. Hakuna anayemuuliza kwa mdomo kama amekubali. Kikombe kikitoka mkononi mwake kwenda kwa mwenzake, jibu ni hilo.

"Basi utaitengeneza wewe kwa mikono yangu," Mama Orpha akasema kwenye simu. "Mimi nitaongea, wewe utafanya."

Ikawa hivyo, siku tisa. Ndizi za sokoni zilifunikwa na kufukizwa moshi uani siku nne mpaka zikalainika, na wateja wa Chiku wakalalamika kwamba nywele zao zinanuka jiko. Nyasi za kukamulia Marthe alizikata kando ya reli. Kila hatua simu iko sikioni. "Kamua zaidi, binti. Sikia mkono wako unavyokuambia. Mtama umeukaanga? Ukaange tena." Mtandao unakatika, wanasubiri, mama anapiga tena. Zilipotoka chupa kumi na mbili, Mama Orpha akasema, "Sasa nimefika. Hata nisipokanyaga hapo, nimefika."

Chumba cha Marthe kina paa la bati na kinachoma mchana hata wakati wa baridi, kwa hiyo chupa zikapelekwa kwa Placide.

"Sikiliza vizuri," Marthe akamwambia. "Hii bado iko hai. Usiitikise, usiiweke penye joto. Na haisafiri, unanisikia? Kwetu hata kuipandisha kilima watu wanaogopa. Kumi na moja ni za Jumamosi, siku ya posa. Moja ni yako, uionje leo."

Kesho yake saa saba simu ikalia.

"Nimeionja, mpenzi."

"Enhe?"

"Ndizi, halafu karafuu kwa mbali, mwisho tamu. Sijawahi kunywa kitu kama hicho."

Marthe akamsimulia Chiku, uso unang'aa. Chiku akasimamisha kitana hewani. "Karafuu? Mie nimezaliwa shambani kwa karafuu, na ile bia yenu nimeinusa siku tisa bila kupenda. Mle mna moshi tu, mwanangu. Karafuu kazitoa wapi?"

"Mapenzi yamempanda puani."

"Haya," Chiku akasema, akarudi kwenye kichwa cha mteja.

Alhamisi simu ya saa saba haikuja. Marthe akapiga mara tatu. Ya nne ikapokelewa.

"Uko wapi?"

"Kazini."

"Mbona unahema? Uko na nani?"

"Siko na mtu, Marthe. Naapa siko na mtu."

Hakuwa na mtu kweli. Marthe alilia mchana ule kwa sababu ya mwanamke ambaye hayupo, akaita majina yote ya wasichana wa duka la bia, na Ijumaa Placide alipokuja na maua ya barabarani na macho mekundu, akamsamehe kosa ambalo hakulitenda.

Jumamosi chumba cha biashara kilipangwa upya. Cherehani ikasogezwa ukutani, simu ikaegemezwa juu yake, na Mama Orpha akatokea kwenye kioo amejifunga kilemba cheupe. Papa Ezéchiel, aliyefika kutoka Durban, alikaa kwenye kiti kikubwa na suti ya kahawia. Marthe alivaa kitenge cha zambarau, libaya, blauzi ya mikono mipana, shanga za mama shingoni. Placide aliingia na rafiki yake Ruphin, msemaji wake, wote suti, na mkononi mwa Placide kuna jagi limefunikwa kitambaa.

"Chupa ziko wapi?" Marthe akanong'ona.

"Nimezifungua mapema, bia ipumue."

Ruphin akasema maneno yake, Papa Ezéchiel akajibu yake, watu wakacheka pale panapochekwa. Jagi likainama, kikombe kikajaa. Marthe akakipokea kwa mikono miwili, akanywa funda moja.

Ndizi. Halafu karafuu kwa mbali. Mwisho tamu.

Moshi haukuwepo. Siku nne za moshi, macho yalivyomtoka machozi pale uani, na humu ndani hakuna hata harufu.

"Imetoka namna gani, binti?" Mama Orpha akauliza, amesogea mpaka kioo kimejaa uso. "Moshi umeingia?"

Marthe akaigeukia simu. "Umeingia, mama. Umeingia vizuri."

"Ahsante Mungu! Haya, mpe mwenzako."

"Papa Ezéchiel, naomba dakika mbili," Marthe akasema, akatoka uani na kikombe mkononi. Placide akamfuata, viatu vyake vyeupe vikikanyaga majivu yaleyale ya ndizi.

"Hii ni bia gani?"

"Marthe, mpenzi..."

"Nimekuuliza."

"Ya ngano. Kutoka kazini. Inanukia ndizi, nilidhani..." Akashika kichwa. "Kuna mtu Cape Town, Alexis. Ana chupa ninayoitafuta miaka mitatu, Marthe, zilitengenezwa mia mbili tu! Nikamtajia kasiksi. Hajawahi kuiona. Akasema nimtumie katoni, naye atanipa ile. Nilitaka tuifungue siku ya harusi. Kwa ajili yetu! Wewe nikajua utatengeneza nyingine, ndizi zipo."

"Nilikwambia haisafiri."

"Nilizivisha nepi mbilimbili."

"Zikafika wapi?"

"Beaufort West, njiani bado. Zilipasuka ndani ya gari, moja ikaamsha nyingine. Alhamisi wenye gari wakanipigia nilipe mizigo ya watu iliyolowa."

"Kuzituma ulilipa kiasi gani?"

"Mia tisa."

Marthe akatikisa kichwa polepole. "Zote kumi na mbili?"

"Zote."

"Hata ile yako."

Placide akatazama viatu vyake.

"Niangalie. Kasiksi yangu ilikuwa na ladha gani?"

Mtu anayeweza kukutajia bia mia tatu, ya mwaka gani na ya pipa gani, alishindwa kutaja ladha ya hii moja.

"Uliniambia karafuu," Marthe akasema. "Nikaenda nikajisifu kwa Chiku. Hukufungua hata kizibo. Mama yangu hawezi kupanda ndege, Placide. Alikuja ndani ya zile chupa. Wewe ukamvisha nepi ukamtuma Cape Town."

"Nitafungua kabati lote. Leo hii, zote themanini na moja, tunywe, tumwage, unavyotaka. Nisamehe. Nakupenda, Marthe."

"Najua unanipenda. Ndicho kinachoniuma." Akajifuta macho kwa kiganja. "Lakini utaniweka nami kwenye mstari, unitunze vizuri, unifute vumbi, usubiri siku inayostahili. Mimi ni wa leo."

Alinyoosha mkono, kidogo tu, kikombe kikaelea kati yao. Placide akainua mikono yake miwili kukipokea. Marthe akaitazama ile mikono iliyotengeneza cherehani yake, akaitamani, kisha akarudisha kikombe mdomoni na kukinywa chote, utamu wake wote, mpaka kikawa kitupu.

Akarudi ndani peke yake. Kikombe akakiweka mezani mbele ya Papa Ezéchiel, kitupu, wote waone. Mzee akakitazama, akavua miwani, akaikunja. Ruphin akaanza kutafuta kofia yake.

Kwenye simu mtandao ulikuwa umekwama, uso wa Mama Orpha umeganda katikati ya tabasamu. Ukarudi ghafla.

"Sikuona, binti, ilikatika. Amekunywa?"

Marthe akavuta kiti cha cherehani, akakaa karibu na kioo.

"Hapana, mama," akasema. "Hakuionja."