Bahasha ya Zuwena Haikufika Nizwa

Wasomaji wenzangu, mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na tisa, mama wa watoto watatu, naishi Ibra, huku Omani. Haya ninayoyaandika mume wangu anayajua nusu. Nusu ya pili nawaambia nyinyi kwanza... na aibu imenijaa.

Nilikuwa na miaka ishirini na moja. Mimi na Zuwena, binti wa mama yangu mdogo, tulikuwa tunamalizia diploma ya umeme katika chuo cha ufundi. Mama zetu ni ndugu wa tumbo moja, waliozaliwa Unguja wakarudi Omani pamoja, na sisi tulilelewa kama pacha.

Lakini Zuwena alikuwa na kichwa! Mimi nilikuwa na bidii tu. Hesabu zikinishinda, yeye ndiye aliyenieleza kwa Kiswahili, polepole, mpaka nikafahamu.

Mwaka ule tukasikia kuwa chuo kikuu kimoja upande wa Nizwa kinapokea watu wa diploma kuingia uhandisi, na tena wanasamehewa masomo waliyokwisha kuyasoma. Miaka miwili mizima! Sharti lilikuwa karatasi za matokeo na maelezo ya kila somo, vyote na muhuri, vifikishwe ofisini kwa mkono. Mwisho Jumatano.

Jumatatu ikaja habari kwamba mama mdogo, aliyekuwa Sur kumtazama binti yake mkubwa, amelazwa na atapasuliwa. Zuwena akafunga nguo zake akilia. Kabla ya kuondoka alipita kwetu, akanipa bahasha yake.

"Nipelekee pamoja na yako, dada. Sina mwengine wa kumwamini."

"Wewe nenda kamuuguze mama," nikamwambia. "Hii niachie mimi."

Wallahi, wakati ule nilikuwa nasema kweli! Ubaya ulinijia garini.

Kaka yangu Nassor ndiye aliyenipeleka. Njiani, tulipokwisha kupita Sinaw, akasema amesikia kuwa wanaohamia hupewa nafasi chache sana. "Wakimtaka mmoja tu kutoka Ibra, basi ni Zuwena," akasema, akacheka. Alikuwa anatania tu... Mimi sikucheka. Njia nzima iliyobaki nilikuwa nikizitazama zile bahasha mbili mapajani mwangu.

Nilipofika dirishani nikatoa moja.

Karani akaniuliza kama nina jengine. Nikamwambia hapana. Neno moja tu! Nani angefikiri kuwa neno moja linaweza kumpoteza mtu hivi?

Bahasha ya Zuwena niliificha chini ya godoro langu. Jioni nikampigia simu, nikamwambia zote mbili zimefika. Aliniombea dua, na nikaitikia amin.

Majina yalipotoka, langu lilikuwemo. Zuwena alikuja kunipongeza, akalala kwetu siku tatu akinisaidia kufunga vitu. Alilala na mimi, kitanda kimoja, juu ya godoro lile lile! Mara moja tu ndipo alipolia, akaniuliza alipungukiwa wapi. Nikamjibu labda Kiingereza chake. Nilimtia ila asiyokuwa nayo, naye akaniamini. Akanunua kitabu cha Kiingereza...

Sasa nisikilizeni. Wiki ya kwanza chuoni, mwalimu mmoja alitukusanya sisi tuliohamia. Tulikuwa saba. Akasema walitayarisha nafasi ishirini, na kama tunamjua mwenzetu mwenye matokeo mazuri aliyechelewa, alete karatasi zake kabla ya mwisho wa wiki.

Nafasi zilikuwepo! Zilinitosha mimi, zikamtosha na yeye. Na bado ningeweza kumwita, nikajisingizia usahaulifu, nikazua lolote. Wiki nzima nilinyamaza, nikiogopa ataniuliza bahasha ilikuwa wapi siku zote zile. Tamaa yangu ya dirishani naweza kuieleza. Kunyamaza kwangu wiki ile siwezi kukueleza mpaka leo.

Masomo yakanishinda. Mnajua nilifanya nini? Kila Ijumaa nilimpigia Zuwena simu anifundishe! Naye hakuchoka. "Shika kalamu, andika ninavyosema," ananiambia, huku anamnywesha mamaake uji.

Karibu na Idi nilikuwa nimerudi nyumbani. Mama alikuwa anaanika magodoro, akaiona bahasha. Barua za Kiingereza hasomi, lakini picha ya Zuwena iliyokuwa ndani aliijua. Masikini, akadhani nimeisahau! Akaichukua mwenyewe mpaka kwa mdogo wake, aliyekwisha kurudi kutoka Sur, akampa Zuwena mkononi, akamwambia mwenzako kasahau kitu chako.

Zuwena alikuja alasiri. Hakupiga kelele.

"Ilikuwa wapi?" aliniuliza.

"Chini ya godoro."

"Siku zile nilizolala hapa, ilikuwepo?"

Nikatikisa kichwa kukubali. Akavaa viatu vyake, akatoka. Mama alikuwa amesimama mlangoni, amesikia yote. Aliniambia, "Umenifanya mimi nimpelekee mtoto wa watu msiba wake," akaketi chini pale pale. Miezi mitano hakukanyaga kwa mdogo wake, kwa haya.

Mwisho wa mwaka nilianguka masomo manne nikaacha chuo. Zuwena alijaribu kuomba tena, lakini kusamehewa masomo kulikuwa kumeondolewa, ataanza upya mwaka wa kwanza. Kwa mama mgonjwa, angewezaje? Akaenda Sur na mamaake, kwa dada yake, kufanya kazi ya ufundi, na huko yuko mpaka leo.

Nimemwomba radhi mara tatu. Kila mara hujibu, "Allah atusamehe sote," na hubadilisha mazungumzo. Mwaka jana tulikutana kwenye arusi. Aliniamkia vizuri, akanipa mkono, akawauliza wanangu majina yao. Alikuwa hayajui.

Ndugu zangu, hasa nyinyi vijana mnaogombania vyuo, kama umeshika amana ya mwenzako, ifikishe. Na kama umekwisha kosa, sema leo, wakati wiki haijesha! Mimi nilipewa wiki nzima, nikaiacha ipite.