Jioni ya Tatu

"Amekuja?" dada yake aliuliza kwenye simu, hata salamu hakuna.

"Bado."

"Na giza limeshaingia?"

"Dada, taa za barabarani zinawaka. Nina macho."

"Haya, usinimeze. Umevaa lile gauni la bluu?"

Akalinyoosha pindo. Alikuwa amelivaa tangu alipotoka kazini, na kiti cha mgeni alishakipangusa mara sijui ngapi.

Kwenye darasa lake la Jumamosi walimwita Miwani, maana ndiyo kazi yake: kukata vioo vya miwani kwenye chumba cha nyuma cha duka, yeye na mashine tu, mchana kutwa. Jioni alirudi kwenye ukimya wa nyumbani. Tangu mumewe afariki, alikuwa akiwasha redio kabla hata hajavua viatu, ilimradi asikie mtu anaongea. Ndipo akaona tangazo mlangoni mwa maktaba: darasa la wanaoanza kujifunza historia na fasihi ya Japani, kila Jumamosi, bure. Japani yenyewe alikuwa haijui wala haimjui. Lakini palikuwa na viti na watu, na hilo lilimtosha.

Mkutubi aliyewafundisha alikuwa binti mchangamfu, hana makuu.

"Msianze na vitabu vinene, mtakimbia," aliwaambia. "Tunaanza na kasri la mfalme, kama miaka elfu iliyopita. Wapiganaji na panga zao watakuja baadaye, na wafanyabiashara wa mjini baada yao. Hawa wa kasri shughuli yao ilikuwa mapenzi na mashairi."

"Basi mimi nimefika kwangu," akasema mwanamume aliyeketi kando ya Miwani, na darasa zima likacheka. Alikuwa fundi wa lifti, mpole, vidole vina grisi isiyosikia sabuni. Wakamwita Lifti, jina likamganda.

Watu wakapungua, kama kawaida ya vitu vya bure. Wao wawili wakabaki wanagombania kitabu kimoja. Kisha ikaja siku ya somo la ndoa za kasri.

"Mwanamume hakuhamia kwa mke, alimtembelea," mkutubi alieleza. "Akija mara moja, ni mgeni. Akirudi kesho yake, watu wanaanza kunong'ona. Akija na jioni ya tatu, mfululizo, huyo ni mume, mambo yamekwisha. Na asubuhi baada ya kuonana lazima atume shairi. Lisipokuja, mwanamke anajua ndiyo basi."

"Na mwanamke anaulizwa lini?" Miwani akauliza.

Mkutubi akakuna kichwa. "Mara nyingi wanaulizwa wazazi."

"Kama mimi," Miwani alimwambia Lifti walipokuwa wakitoka. "Nilirudi kutoka shule nikakuta wageni sebuleni wameshamaliza mazungumzo. Nikaambiwa, msalimie mumeo."

Lifti akamshikia mlango apite.

Jumatatu jioni Lifti akabisha hodi nyumbani kwake, amekuja kurudisha kitabu. Wakaongea mpaka chai ikapoa. Jumanne akabisha tena, eti amesahau kalamu. Kalamu! Mtu mzima na akili zake. Wote wawili walijua kinachoendelea, wakacheka mlangoni kama watoto, na hakuna aliyekitaja.

Leo ilikuwa Jumatano.

"Mpigie basi," dada yake alisema.

"Simpigii. Akitaka kuja, njia anaijua."

Hakuja. Nyayo zote zilizopanda ngazi zilipita mlangoni kwake zikaenda kwa majirani. Iliuma, jamani. Mume aliyeletewa, Miwani hakuwahi kumsubiri hata siku moja. Huyu alikuwa amemsubiri kwa hiari yake mwenyewe. Akavua gauni, akashika simu, akaifungia namba ya Lifti asiweze kumpigia wala kumwandikia, kisha akajilaza akiwa ameiacha redio ikiongea.

Darasani hakukanyaga tena.

"Dada Miwani, mbona kimya?" mkutubi alimpigia. "Na Lifti naye anakuja, anakaa tu, haongei."

"Kazi zimenibana, mdogo wangu."

Kazi gani! Alikuwa amejifungia ndani na kitabu cha maktaba, kumbukumbu za mwanamke wa kasri aliyekaa nyuma ya pazia akisikiliza mvua na kumngoja mtu. Mwanzoni walilia pamoja, yeye na yule wa zamani. Lakini kurasa zikaenda, mvua ikanyesha tena, na bibi wa watu bado yuko palepale nyuma ya pazia. Miwani akapandwa na hasira.

"Sasa si utoke, mama!" akakifokea kitabu.

Sauti yake ilimrudia kutoka kwenye kuta. Alisikia aibu, halafu akampigia mkutubi.

"Lifti yuko wapi leo?"

"Kaniambia yuko jengo la ofisi nyuma ya posta, lifti yao imegoma. Kwani vipi?"

Miwani alishakata simu.

Alimkuta ghorofa ya chini, amepiga magoti mbele ya mlango wa lifti ulio wazi, watu wamejazana wakinung'unika.

"Kwa nini hukuja?"

Bisibisi ikamdondoka. "Nilikuja. Nilifika mpaka chini ya ngazi zako."

"Ukageuka?"

"Nilikumbuka ulivyoniambia. Wageni sebuleni. Nikaona nikipanda ngazi zile, nitakuwa nimekuoa bila kukuuliza, kama wao."

"Ungeniuliza mlangoni!"

"Niliogopa utakubali kwa sababu umeshavaa, umeshapika chai. Nikasema nikutumie asubuhi, ujibu ukiwa huru. Niliandika usiku kucha. Asubuhi nikatuma, haikufika. Nikajua umenifungia. Nikasema basi, hilo ndilo jibu."

Miwani akaitazama simu yake. Wiki zote zile, alikuwa amekifunga mwenyewe kile alichokuwa akikisubiri.

"Uliandika nini?"

"Si shairi. Mashairi sijui. Niliandika: unataka nije leo? Na ukitaka, niendelee kuja?"

"Uliza tena."

"Hapa? Mbele za watu?"

"Sijawahi kuulizwa kitu hicho tangu nizaliwe. Uliza tena."

Lifti akasimama, akajifuta mikono kwenye suruali. "Unataka niendelee kuja?"

"Mjibu basi, mama," mwanamke mmoja mwenye mafaili alidakia, "tuna ghorofa saba za kupanda hapa!"

"Nataka," akasema.

Watu wakapiga makofi. Miwani akatoka hadi nje barazani, akampigia dada yake.

"Dada."

"Unalia? Nani amekufanya nini?"

"Nimeulizwa."

"Umeulizwa nini? Na nani?"

"Na Lifti, dada. Safari hii nimeulizwa mimi mwenyewe."